Kiti Hakitembezwi Kitupu

Mkanda ulikuwa umefungwa. Hilo ndilo lililoanza, tena dogo hivi kwamba Rifet angemsimulia mtu angechekwa. Jioni aliuacha wazi, kiti cha binti yake kikiwa kitupu kule nyuma ya gari. Asubuhi, vioo vimeganda barafu na milango imefungwa kwa ufunguo, akaukuta umefungwa vizuri, kamba mbili za mabegani zimekutana kifuani na kuingia kwenye kifungio chake, kana kwamba kuna mtoto ndani. Akaufungua, tak, akasema moyoni labda ni mke wangu. Lakini Azemina, mkewe, tangu ile ajali hakuwa ameligusa gari hilo hata kwa kidole.

Ajali yenyewe ilikuwa ndogo, kama zilivyo ndogo ajali za watu wengine. Walikuwa wanarudi mjini kwetu Travnik kutoka kijijini kwa wajomba, wote wanne. Kwenye kona ya kinu cha zamani likatokea lori la magogo limetanda barabara nzima. Rifet akakwepa, gari likateleza juu ya majani mabichi mpaka likaukumbatia mti wa jozi ulio pale ukingoni mwa mto. Boneti ilikunjamana. Watoto, Tarik wa miaka minne na Hena ambaye hajatimiza miwili, walitoka bila mchubuko. Sisi majirani tukapanda ngazi na kahawa na sukari mikononi kama ilivyo ada, tukakaa tukailaumu barabara.

Ubishi ulianza tulipoondoka. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa amemwambia Azemina kwamba kiti cha mtoto kilichopita kwenye ajali kimekufa, hata kama kwa macho ni kizima, kwa sababu plastiki hupasuka kwa ndani pasipoonekana, na siku ya pili hakitamshika mtoto. Azemina akaapa watoto hawapandi gari mpaka viti vipya vinunuliwe. Rifet akajibu kwamba viti hivyo ndivyo vilivyowaokoa, na mlinzi hafukuzwi siku aliyofanya kazi yake. Ndivyo alivyo, mbishi mwenye maneno matamu. Gari lilipotoka kwa fundi akaendelea nalo na biashara yake ya jibini, kupanda mlima Vlašić kwa wafugaji, kushuka sokoni, na viti viwili vitupu vikiruka nyuma yake kwenye kila shimo.

Mama yake, Zumra, ambaye mtaa mzima tunamwita nana kana kwamba ni bibi yetu sote, alimwona kutoka dirishani akiegesha. Akashuka na ndala za ndani mpaka kwenye theluji.

"Hivyo viti unavitembeza hivyo hivyo, vitupu?"

"Vitupu, mama. Nimpakie nani, kondoo?"

"Usinichekeshe. Kitanda cha mtoto hakibembezwi kitupu. Ukikibembeza, umemwita wa kukilalia."

"Hiki ni kiti, si kitanda."

"Mtoto hulala humo, na kinabembea. Haya, niambie tofauti."

Kwetu hilo la kitanda kitupu hulijua hata mtoto. Mgeni akikigusa kitanda cha kubembea kwa mguu, bahati mbaya tu, bibi yeyote aliye karibu atakishika kisimame na kumeza mate. Rifet alilijua pia. Akambusu mama yake kwenye paji la uso, akampandisha juu, na viti akaviacha palepale.

Halafu ikaja harufu ya maziwa yaliyochacha. Mtu mwingine angeshtuka mapema, lakini mfanyabiashara wa jibini akinusa maziwa yaliyochacha ndani ya gari lake husema ni riziki. Ila chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya udongo wa ukingo wa mto na maganda ya jozi yaliyooza, na hiyo haikutoka hata alipoacha vioo wazi kutwa nzima.

Kisha kamba zikaanza kurefuka. Kamba za viti hivyo hukazwa mpaka kati yake na kifua cha mtoto kisipite zaidi ya kidole, na Rifet alizikaza za Hena kwa mkono wake mwenyewe. Sasa kila asubuhi alizikuta zimefungwa, na kila asubuhi zimelegea kidogo kuliko jana. Siku moja akakuta na mto wa kichwa umepandishwa tundu moja juu. Alisimama na mlango wazi, baridi ikimchoma masikio, akautazama mto ule. Fundi yeyote wa viti angemwambia maana yake. Aliyekuwa akikaa humo alikuwa anakua.

Na juu, ghorofa ya nne, Hena alikuwa anapungua. Mtoto aliyekuwa na mashavu ya kufinywa na kila mpita njia akaanza kuonekana macho tu. Usiku alilala pembeni kabisa ya kitanda chake, mgongo umebana nondo, mto wote ameuacha mtupu. Akipewa mkate aliutia mdomoni, akautoa, akaunyoosha upande wake wa kushoto kama anayemgawia mtu. Daktari akasema ni meno. Azemina akasema ni meno ya nani.

Ndipo Rifet alipokubali kununua viti. Hakueleza sababu, na mkewe hakumwuliza, ingawa alimwona jinsi alivyokuwa akilizunguka gari kwa mbali kabla ya kulifungua.

Walikwenda wote kwenye duka la vitu vya watoto lililo barabara ya Zenica, kwa miguu na basi, Rifet peke yake akiwafuata na gari. Muuzaji aliitwa Sanela, mwanamke mnene mcheshi mwenye miwani shingoni, ambaye hauzi kiti mpaka ampime mtoto uzito na urefu na akione kiti kimekaa ndani ya gari lenyewe. Kwa Tarik mambo yalikwenda haraka, alichagua rangi na kazi ikaisha. Kwa Hena, Rifet alitaka kiti kinachotazama mbele ili mtoto aone barabara.

"Aone barabara ili aendeshe?" Sanela akasema. "Kaka, shingo ya huyu ni bua. Mkigonga kitu, akitazama mbele kichwa kinatupwa chote. Akitazama nyuma, kiti ndicho kinachopokea kishindo. Mwache atazame nyuma mpaka miguu imshinde."

"Na nitamwonaje? Atanipa mgongo."

"Wala huo mgongo hutauona, utaona mgongo wa kiti. Ndiyo maana kuna hiki." Akampa kioo kidogo cha kufunga nyuma, cha kumtazamia mtoto asiyeonekana. "Unamwona humu kupitia kioo chako. Lakini usimtazame sana, tazama njia."

Kisha akamsimamisha Hena kwenye mizani, akaivaa miwani, akaivua. Akauliza taratibu kama mtoto ametoka kuugua. Azemina akainama kuisoma sindano mwenyewe, nayo ilikuwa chini kuliko ilivyokuwa kiangazi, na kiangazi kile Hena alikuwa bado anatambaa.

Rifet akatoka nje kung'oa kiti cha zamani ili kile kipya kijaribiwe. Huyu ni mtu anayebeba mapipa ya jibini begani akipiga mluzi. Alirudi amekikumbatia kiti kile kwa mikono miwili, mishipa imemtoka shingoni, akakitua mahali pa kwanza alipopaona, na mahali hapo palikuwa mizani.

Sanela aliujua uzito wa kila kiti kilichopitia dukani kwake, na kile hakikufika kilo tano. Sindano ikapanda, ikapita tano, ikapita kumi, ikasimama pale ambapo husimama kiti kikiwa na mtoto aliyeshiba ndani yake, na haikusimama vizuri, bali iliendelea kutikisika kidogo kidogo, mbele na nyuma, jinsi inavyotikisika mtoto anapokalishwa juu ya mizani na miguu yake ikaning'inia na akaanza kuichezesha.

Tarik akajificha nyuma ya koti la mama yake.

"Mikanda yake muikate kabla ya kukitupa," Sanela akasema mwishowe, akitazama upande mwingine. "Huwa nawaambia wote. Mtu asije akakiokota."

Siku hiyohiyo nana Zumra alimwita Fahira. Fahira ni mwanamke wa makamo anayemwaga hofu, kama wasemavyo kwetu. Huyeyusha risasi kwenye kijiko cha chuma na kuimwaga ndani ya maji juu ya kichwa cha aliyeshtuka, kisha hutazama umbo lake. Alimkalisha Hena mapajani mwa mama yake, akawafunika shuka, akasoma alichosoma kwa sauti ya chini, na risasi ikalia ndani ya maji kama paka aliyekanyagwa. Mara ya kwanza ilitoka miiba. Mara ya pili, miiba. Mara ya tatu vikatoka vidonge viwili vilivyoshikana, kimoja kikubwa kinang'aa, kimoja kidogo chenye matundu.

"Hofu ya mtoto ndogo tu," Fahira akasema. "Kuna anayekula naye."

Akauliza waligonga wapi. Alipotajiwa mti wa jozi kwenye kona ya kinu akatikisa kichwa, maana wenyeji wa zamani hawakupumzika chini ya mti ule hata jua likiwa kali. Pale, alisema, wale wasioonekana wana sofra yao, mahali pao pa kulia chakula, na familia zao, na watoto. Hakuna aliyekasirika. Mtoto wao mmoja ameona kiti kizuri cha kumtosha, kimefungua mikono, akapanda. Angeshuka mwenyewe kama mngekitoa. Lakini mmembembeza, mmempandisha mlima na kumshusha, sasa anaona kwao ni hapa.

Dawa yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Kiti kirudishwe kwenye kona ile, kikatwe mikanda yote mitano kwa Bismillahi, kiachwe hapohapo, na anayekikata asigeuke nyuma. Na viti vipya visitembee vitupu hata hatua moja.

"Watoto wasipokuwepo je?" Rifet akauliza.

"Weka chochote. Weka viazi."

Kwa hiyo viazi vikafungwa mikanda. Mfuko kwenye kiti cha Tarik, mfuko kwenye cha Hena, na mtaa ukapata cha kucheka. Watu walimwuliza Rifet kama viazi vinaona kizunguzungu kwenye kona, na kama vikifika miaka minne vitageuzwa kutazama mbele. Alicheka nao. Alikuwa anatafuta mkasi mzito wa kumfaa kwa safari ya kona, kiti cha zamani kikiwa kimewekwa chini ya ngazi, karibu na mlango wa ghala.

Aliposhuka nao, kiti hakikuwepo.

Nana Zumra hakukana kwamba yeye ndiye aliyekichukua. Aliyaamini yote ya Fahira, ila la kukata lilimshinda. Huyu mama wakati wa vita alichemsha majani ya mwiba akawalisha watoto, na tangu hapo hajawahi kuona kitu kizima kikiharibiwa akaweza kunyamaza. Mkate uliobaki huutia kwenye mfuko na kuuning'iniza kwenye pipa kubwa la taka, wenye shida wauchukue bila kuomba, na kiti alikifanyia vivyo hivyo. Alikifua kitambaa, akakisomea Ayatul Kursi, akakiweka kando ya pipa na mfuko wa mkate juu yake.

"Nilikisomea," akasema, na machozi yakamtoka. "Kuna mtu ana mtoto na hana kiti, Rifet."

Wakazunguka mtaa mzima wakiuliza, wala hakuna aliyekiona. Waliporudi wamekata tamaa, wakamkuta Hena jikoni amesimama kwenye kiti cha mbao, anakula. Alikula supu, akala mkate, akaomba tena. Usiku ule alilala katikati ya kitanda chake, kichwa juu ya mto, mikono ameitupa huku na huku. Azemina alikaa akimtazama na furaha ikamjaa kifuani, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kinachokwaruza ambacho hakutaka kukiangalia.

Akakutana nacho ngazini asubuhi moja. Ajna, mama kijana wa jengo la mkabala, aliyekuwa amekuja kwa jirani, alikuwa anashuka na mwanawe Eldin mkononi, mtoto wa mwaka na kitu, mnene kama mkate wa Ramadhani. Akasema amepata kiti cha gari, safi, kimefuliwa, mtu amekiacha kwa ajili ya Mungu, na Mungu amlipe.

"Amin," Azemina akasema, akapanda juu.

Rifet alimwambia wangoje. Labda kisomo cha mama kimesaidia, labda si kiti kilekile, na je, wakikigusa halafu yule akarudi kwa Hena? Alisema hivyo bila kumtazama machoni. Wakangoja. Hena akaongezeka, mashavu yakarudi, na kila alipoongezeka Azemina alikwenda dirishani kulitazama jengo la mkabala, akaacha chakula kikipoa, akafagia palipofagiliwa, akashika simu na kuiweka. Mtoto wa Ajna alianza kusikika akilia jioni. Kisha akaanza kuonekana uso mrefu. Safari hii hapakuwa na wa kumdanganya Azemina kwamba ni meno.

Siku Rifet alipopanda mlimani na gari la mwenzake kwa ajili ya theluji, Ajna aligonga mlango kuomba kikombe cha unga. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kile kiti kamba zake hazikai," alisema katikati ya maneno mengine. "Kila siku nakaza, kila siku zinalegea. Na mtoto mwenyewe anakonda."

Azemina akauweka unga mezani. "Kile kiti kilikuwa chetu. Kina ajali, na kina kitu. Nipe ufunguo wa gari lako nikitoe."

Ajna alimtazama. Kisha akamtazama Hena, aliyekuwa anakimbia ukumbini na mashavu yake.

"Umejua tangu lini?"

Ajna akautoa ufunguo mfukoni, akauacha juu ya meza, akaondoka bila unga. Nana Zumra alikuwa jikoni anamenya viazi vya pita, ule mkate wetu wa kukunjwa wenye kujazwa viazi, ameinamisha kichwa. Hena alikuwa anaipenda pita ya viazi, na tangu hamu yake irudi nana alimpikia karibu kila siku.

Kiti kilikuwa kizito kuliko Azemina alivyotarajia alipokitoa kwenye gari la Ajna. Alikiweka mbele, pembeni yake, akawasha gari lao ambalo hakuwa ameliendesha tangu ajali. Akakumbuka viazi, akageuka. Mfuko wa Tarik ulikuwepo. Kiti cha Hena kilikuwa kimempa mgongo wake mweusi mrefu, kama kilivyoundwa. Akaondoka.

Magharibi ilikuwa inaadhiniwa mjini na ukungu umeshuka mpaka kwenye mto. Aliendesha taratibu, na kadiri majumba yalivyopungua ndivyo harufu ilivyozidi, maziwa kwanza, halafu udongo, halafu maganda ya jozi, mpaka ikawa anapumua kwa mdomo, akisoma alichokumbuka na kurudia palepale aliposahau, asithubutu kugeuza macho kulia kwake, ambako kitu kilikuwa kikihema kwa pumzi fupi za mtoto mwenye mafua, na kila alipokunja kona aliusikia uzito ukiegemea mlango na kila aliponyoosha aliusikia ukirudi, umetulia, umeridhika, kama mtoto anayejua kwamba akiwa ndani ya gari na mama yake hakuna baya.

Chini ya mti wa jozi akakishusha kiti juu ya theluji, akapiga magoti. Bismillahi, akakata kamba ya bega. Akakata ya pili. Akakata mbili za kiunoni. Ya mwisho, ile ya katikati ya miguu, alipoishika ili aikate kwa mkasi, ikashikwa pia kutoka upande wa pili, si kwa nguvu, kwa vidole vidogo tu, vyenye ubaridi. Azemina akalia. Alimwonea huruma, basi, mama ni mama.

"Shuka, mwanangu. Mama yako yuko hapahapa."

Akakata. Harufu ikakatika nayo. Akasimama, akaenda kwenye gari bila kugeuka, akaingia, akafunga mlango, na alipoingia barabarani akasikia mwili wake wote umelegea kama aliyetua mzigo. Atamwomba Ajna msamaha. Atampelekea pita ikiwa bado ya moto.

Pita. Alikuwa ameshapita daraja wakati neno hilo lilipomrudia. Viazi vya ghalani viliisha wiki iliyopita, alivimalizia yeye mwenyewe. Na asubuhi nana alipanda ngazi kutoka nje, si kutoka ghalani, aproni yake imejaa viazi, akisema kwa furaha kwamba si vizuri chakula kikae tu kimefungwa mikanda na mtoto ana njaa.

Nyuma yake, upande wa Hena, pakalia tak.

Hakutaka kutazama, na macho yakainuka yenyewe mpaka kwenye kioo cha juu, na kutoka kioo cha juu mpaka kwenye kile kidogo cha Sanela cha kumtazamia mtoto asiyeonekana. Mfuko haukuwepo. Kamba mbili mpya zilikuwa zimekutana kifuani na kufungwa vizuri, na kati yake na mgongo wa kiti palikuwa na nafasi ya kumtosha mtoto aliyeshiba, na kitambaa pale kilikuwa kimebonyea, kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka.

Taa za jengo lao zilikuwa zinawaka. Kwenye dirisha la ghorofa ya nne Hena alikuwa amesimamishwa na nana yake, kipande cha pita mkononi, akiupungia mkono mwanga wa gari alilolijua. Azemina akakanyaga breki, na nyuma yake pumzi zile fupi zikaenda kasi, kama za mtoto aliyeona amefika nyumbani na anataka kufunguliwa.

Akaondoa mguu kwenye breki. Akapita chini ya dirisha lake, akapita jengo la Ajna, akashika barabara ya kuzunguka mji, polepole, akimbembeza, kwa sababu gari likisimama mtoto atashuka.